Kiko Kinapochosha Taya: Kutafuta Uzito Ulipo Kabla ya Kununua Kingine

Mvutaji mwenye viko vitano rafuni, ukimwangalia kwa wiki moja, utamkuta anavuta kimoja au viwili tu, na vilivyobaki vinapanguswa vumbi na kurudishwa mahali pake. Ukimuuliza sababu atakuambia kwamba hicho anachokipenda kina ladha nzuri zaidi, au kwamba amekizoea. Ukimpa mizani na rula, mara nyingi jibu hubadilika: kiko anachokipenda ndicho kinachoyatesa meno yake kidogo kuliko vingine, na vile visivyoguswa vina uzito uliokaa mahali pabaya. Hoja yangu katika mwongozo huu ni hiyo moja. Gramu zinazosomwa kwenye mizani hazitoshi kueleza kiko kizito ni kipi, kwa kuwa meno huhisi uzito pamoja na umbali wake kutoka mdomoni, na malalamiko mengi ya wavutaji hupata ufumbuzi mara umbali huo unapopimwa.

Mwongozo umeandikwa kwa ajili ya watu wazima ambao tayari wanavuta, wala haumwiti asiyevuta aanze. Tumbaku ya kiko huleta saratani ya midomo, ya kinywa na ya koo hata kwa asiyeuteremsha moshi mapafuni, na hilo litarudi hapa chini pale litakapohusiana na dalili.

Nitatumia maneno matatu ya zamani ya pwani kwa sehemu za kiko, kwa sababu ni mazuri na hayana mbadala uliozoeleka. Bori ni bakuli linalotiwa tumbaku, digali ni shingo inayotoka kwenye bori, na shilamu ni bomba linaloingia mdomoni. Maneno hayo yalizaliwa katika kiko cha maji, ambacho bori lake lilikuwa la udongo, digali lake lilishuka hadi kwenye kifuu cha nazi au kibuyu chenye maji, na shilamu yake ilipanda kutoka hapo hadi mdomoni. Inafaa kukumbuka kwamba katika kiko kile meno hayakubeba chochote. Mzigo wote ulikaa mkononi au chini, na mvutaji aligusisha midomo tu. Suala la uzito lilizaliwa pamoja na kiko kikavu chenye shilamu fupi, ambacho mtu hukining'iniza menoni huku mikono yake ikifanya kazi nyingine.

Kupima mzigo wa meno

Usianze kutafuta chanzo cha tatizo lolote kabla hujapima. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha, ingawa ya sonara ni bora zaidi. Kwanza pima kiko kizima kikiwa kitupu na kikavu, na uandike uzito wake. Kisha weka kando ya mizani rundo la vitabu lenye kimo ambacho kitakifanya kiko kikae kama kinavyokaa mdomoni, yaani tundu la bori likitazama juu. Laza penseli juu ya vitabu na uegemeze juu yake mwisho wa shilamu, pale hasa meno yako yanapouma. Weka sarafu juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, halafu kalisha tako la bori juu ya sarafu hiyo. Soma gramu zinazoonekana, pima kwa rula umbali wa mlalo kutoka kwenye penseli hadi katikati ya sarafu, na uzidishe namba hizo mbili. Jawabu ndilo ninaloliita mzigo wa meno.

Mifano miwili kutoka rafuni kwangu inaonyesha faida ya kipimo hiki. Kiko changu kilichonyooka kina uzito wa gramu 44. Kikiwekwa namna hiyo mizani husoma gramu 30, na umbali ni sentimita 12.5, kwa hiyo mzigo wake ni 375. Kingine kimepinda sana na kina uzito wa gramu 52. Mizani husoma gramu 42, lakini umbali ni sentimita 7.5 tu, na mzigo wake ni 315. Kwa miaka kadhaa nilisema kwamba kile cha pili ni chepesi, na niliposhika mizani nikakuta kinazidi mwenzake kwa gramu 8. Meno yangu hayakukosea, ila nilikuwa nimeyatafsiri vibaya.

Maana ya namba hizo ni rahisi kuieleza kwa kanuni ya mtarimbo. Meno ya chini huwa egemeo, bori huvuta kuelekea chini upande wa mbele, na meno ya juu hukandamiza mwisho wa shilamu upande wa nyuma ili kiko kisianguke. Ikiwa kati ya jino la chini linalobeba na la juu linalokandamiza kuna sentimita moja, mzigo wa 375 unadai meno ya juu yakandamize kwa nguvu ya takriban gramu 375, ambayo ni zaidi ya mara nane ya uzito wa kiko chenyewe. Nafasi hiyo ikiwa nusu sentimita tu, nguvu inayohitajika huwa maradufu. Ndiyo maana mtu anayeuma ncha kabisa ya shilamu huchoka haraka kuliko anayeiingiza ndani kidogo na kuishika kwa meno ya pembeni.

Kwa kinywa changu, mzigo usiozidi 280 naubeba kwa uvutaji mzima wa dakika arobaini bila kuukumbuka. Kati ya 280 na 380 nalazimika kukishika kiko mara kwa mara. Ukizidi 400 hicho ni kiko cha mkononi, na sijidanganyi tena. Mipaka yako itakuwa tofauti, na njia ya kuijua ni kupima kwanza kiko unachokipenda kuliko vyote.

Dalili: taya linachoka au linauma kabla tumbaku haijafika nusu

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza hakimo ndani ya kiko. Watu wengi hubana kwa nguvu kuliko mzigo unavyodai, hasa wanapoendesha gari, wanapochapa au wanapokuwa na mashaka. Jaribio ni hili: ukiwa umeshika kiko mdomoni, weka kidole chini ya bori kiubebe uzito wote. Ikiwa misuli ya taya haikulegea mara moja, ulikuwa unabana kwa mazoea, na kununua kiko chepesi hakutakusaidia sana. Kinachosaidia ni kujizoeza kukitoa kiko mdomoni kati ya pumzi na pumzi, jambo ambalo pia hupoza moshi.

Ikiwa taya lililegea mara moja, mzigo ndio mkosaji, na hapo tafuta kwanza vitu vilivyoongezwa mbele. Kifuniko cha chuma cha kuzuia upepo chenye gramu 8, kikikaa juu ya bori lililo sentimita 12.5 kutoka menoni, huongeza mzigo wa 100 mzima, yaani zaidi ya robo ya mzigo wa kiko changu kilichonyooka. Gramu hizo nane zingekuwa pete ya fedha iliyo karibu na meno, usingezihisi. Tumbaku nayo ina hesabu yake: gramu tatu zilizoshindiliwa ndani ya bori la kiko hicho huongeza karibu 38, na hii ndiyo sababu kiko huhisiwa kizito zaidi mwanzoni na hupungua uzito kadiri kinavyoungua. Mvutaji ambaye taya lake huuma katika dakika kumi za kwanza tu ana dawa rahisi: akishike kwa mkono katika dakika hizo, au asijaze bori hadi ukingoni.

Baada ya hapo angalia umbo. Kiko kilichonyooka hupeleka bori mbali kadiri urefu wake unavyoruhusu, wakati kilichopinda hulirudisha bori kuelekea kidevuni. Umbo lililopinda kuliko yote, ambalo wavutaji wa Ulaya na Marekani huliita Oom Paul kwa jina la utani la Paul Kruger, rais wa Transvaal, linaweza kuwa na bori kubwa lenye kuta nene na bado likabebwa menoni kwa raha, kwa sababu bori linaning'inia karibu chini ya mdomo wenyewe. Anayevuta huku mikono ikiwa kazini, na ambaye hataki kuacha bori kubwa, anapaswa kutafuta kiko kilichopinda kabla ya kutafuta wepesi.

Ndipo tunafika kwenye kitu kilichochongwa. Viko vingi vya mbao hutengenezwa kwa briari, yaani kinundu kinachoota kati ya shina na mizizi ya kichaka cha Erica arborea. Kichaka hicho huota pia kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki, lakini vinundu vya biashara hutoka katika nchi zinazozunguka Mediterania, na mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa umevichonga tangu katikati ya karne ya 19. Uzito wa briari haulingani kutoka kinundu hadi kinundu, na viko viwili vya umbo moja na ukubwa mmoja vinaweza kutofautiana kwa gramu kadhaa. Kiko ambacho uso wake umechimbwachimbwa au umepulizwa mchanga kwa kawaida huwa chepesi kuliko ndugu yake laini, kwa kuwa sehemu ya mbao imeondolewa. Viko vya magunzi ya mahindi, ambavyo mji wa Washington katika jimbo la Missouri umevitengeneza tangu 1869, ndivyo vyepesi kuliko vyote vya kawaida, na vingi havifiki gramu 35. Napendekeza kila mwenye taya linalouma ajaribu gunzi kwa wiki moja kabla ya kutumia fedha nyingi. Maumivu yakiisha, jibu limepatikana kwa gharama ndogo.

Jiwe la sepiolaiti, ambalo Wajerumani waliliita meerschaum, yaani povu la bahari, linahitaji uangalifu zaidi. Lile la Eskişehir nchini Uturuki lina vitundu vingi kiasi kwamba kipande kikavu huelea majini, na kiko kikubwa cha jiwe hilo kinaweza kuwa chepesi kwa namna inayomshangaza anayekishika mara ya kwanza. La kwetu ni tofauti. Sepiolaiti ya bonde la Amboseli, iliyochimbwa Sinya karibu na mpaka wa Tanzania na Kenya, ni ngumu na nzito zaidi, na kampuni ya Tanganyika Meerschaum iliichonga Arusha na kuuza viko vyenye chapa ya tembo na jina lenyewe la Kiswahili, Kiko. Vipo bado mikononi mwa wakusanyaji katika nchi nyingi, na ninavithamini sana kwa sababu ni kazi ya mikono ya nchi hii. Hata hivyo anayeagiza kimoja akitarajia wepesi wa jiwe la Uturuki atakata tamaa bila sababu; avitazame kama viko vya kukaa navyo barazani, mkononi, na atavifurahia.

Kuna chanzo kingine kinachosahaulika, nacho ni unene wa shilamu. Shilamu yenye unene wa milimita 5 au zaidi pale meno yanapouma hulazimisha taya likae wazi, na misuli inayoshikilia taya wazi huku ikibana huchoka hata kama mzigo ni mdogo. Shilamu nzuri haizidi sana milimita 4. Fundi mzoefu anaweza kuipunguza kwa tupa, lakini akipita kiasi atatoboa njia ya moshi.

Ikiwa umepita hatua hizi zote na bado kiungo cha taya mbele ya sikio kinauma, kinatoa sauti ya kugonga au kinakwama unapofungua mdomo, hilo ni jambo la daktari wa meno. Halikadhalika, kidonda au doa jeupe au jekundu mdomoni ambalo halijapona kwa wiki tatu lisipewe jina la mchubuko wa kiko na kuachwa. Lipelekwe hospitali wiki hiyo hiyo.

Dalili: kiko kinageuka mdomoni na bori linalala ubavu

Hapa wengi hulaumu uzito, na mara nyingi wanakosea. Kiko cha gramu 30 kinaweza kugeuka, na cha gramu 55 kikatulia. Tazama kwanza mdomo wa shilamu: ukiwa mwembamba na wa mviringo, meno hayana mahali pa kukamata, na mtikisiko wowote wa kichwa hulipeleka bori upande mmoja. Shilamu pana na bapa hutuliza kiko kuliko kupunguza gramu kumi. Pili, angalia mahali unapouma shilamu. Anayeshika kwa chonge na magego ya mbele upande mmoja huwa na mstari wa meno uliokaa mshazari, na shilamu hufuata mshazari huo. Sogeza kiko mbele au nyuma kidogo hadi upate mahali ambapo meno ya juu na ya chini yanakutana sawasawa.

Jaribio la kutofautisha chanzo cha kinywa na chanzo cha kiko ni kukishika kiko kwa vidole viwili, kidole gumba juu ya mwisho wa shilamu na cha shahada chini yake, ukiwa umelegeza mkono. Bori likianguka upande uleule kila mara, uzito wa kiko hauko katikati, ama kwa sababu mchongaji aliacha ukuta mmoja mnene, ama kwa sababu shilamu iliingizwa ikiwa imepinda. Hilo la pili hurekebishwa kwa kuizungusha shilamu taratibu kiko kikiwa kimepoa kabisa. Kamwe usizungushe shilamu kiko kikiwa cha moto, kwa kuwa mbao iliyotanuka kwa joto na unyevu huweza kupasua digali. Ulimi wa shilamu ukiwa umelegea ndani ya digali, pakaza nta ya nyuki kidogo sana na ujaribu tena.

Dalili: alama za meno zinazidi kuchimbika kwenye shilamu

Alama hizi ni hati ya mzigo, na zinasomeka. Shimo likiwa upande wa juu tu, karibu kabisa na mwisho, meno ya juu yanakandamiza kuzuia bori lisianguke, na chanzo ni mzigo wa mbele. Mashimo yakiwa juu na chini mahali palepale, na yakiwa na kina kinacholingana, unabana kwa mazoea. Tofauti hii imenisaidia kuliko kipimo kingine chochote, kwa sababu mvutaji anaweza kujidanganya kuhusu anavyouma, wakati shilamu haiwezi.

Ebonaiti, ambayo ni mpira uliopikwa kwa salfa, huumia haraka lakini pia husamehe. Shilamu ikiwa imetolewa kwenye kiko kilichopoa, ukaizamisha ncha yake kwenye maji ya moto sana kwa dakika chache huku kijiti cha kusafishia kikiwa ndani ya njia ya moshi, mashimo mengi hupanda yenyewe. Rangi itafifia na itahitaji kung'arishwa, na ukiipasha joto shilamu nzima iliyopinda itaelekea kunyooka, kwa hiyo zamisha ncha tu. Akriliki ni ngumu zaidi na haichimbiki upesi, lakini haina kumbukumbu hiyo, na mtu anayebana sana kwenye akriliki hulipa kwa meno badala ya shilamu. Wachimbuaji wa makaburi ya zamani huko London na Ireland wamekuta mafuvu yenye matundu ya mviringo kati ya meno, yaliyosagwa na mashina ya viko vya udongo kwa miaka mingi, na viko vile vilikuwa vyepesi. Ugumu ulisaga meno pale ambapo uzito usingeweza.

Kifuniko laini cha mpira kinachovishwa kwenye ncha ya shilamu hutibu dalili hii na ile ya kiko kugeuka, huongeza mshiko, na ni cha lazima kwa mwenye meno ya bandia. Kwa huyo wa mwisho ushauri wangu hauna masharti: kiko kishikwe kwa mkono, kwa kuwa mzigo wa mbele hung'oa sahani ya meno kutoka kwenye fizi hata ikiwa imetengenezwa vizuri.

Dalili: kiko ni chepesi, taya halilalamiki, lakini bori linaunguza vidole

Wepesi una bei yake, na bei hiyo kwa kawaida hukatwa kwenye kuta za bori. Ukuta wenye unene chini ya milimita 5 hupitisha joto haraka, na mvutaji aliyetoka kwenye kiko kizito chenye kuta za milimita 8 huja na kasi yake ya zamani, ambayo ukuta mwembamba hauiwezi. Kabla ya kukitupia kiko lawama, punguza kasi kwa wiki moja. Gusisha bori shavuni: likiwa la moto kiasi kwamba huwezi kuliacha hapo, kiweke kiko chini hadi kipoe, hata kama moto utazimika.

Joto likiwa mahali pamoja tu, hasa chini karibu na digali, huku sehemu nyingine za bori zikiwa vuguvugu, usiendelee kuvuta. Hiyo ni dalili kwamba mbao yenyewe inaungua kutoka ndani, au kuna ufa, na uzito hauhusiki.

Dalili: mate yanajaa shilamuni na kiko kinalia

Katika kiko cha maji, malio ya kiko yalikuwa ishara kwamba kila kitu kiko sawa. Katika kiko kikavu, mlio huo ni maji mahali yasipotakiwa. Uhusiano wake na uzito ni huu: midomo ya mtu anayehangaika kushikilia mzigo mkubwa haifungi vizuri kuzunguka shilamu, na mate hupata njia. Katika viko vilivyopinda sana mteremko wa shilamu huyapeleka moja kwa moja hadi digalini. Ndicho alichokikabili Charles Peterson wa Dublin alipopewa hataza ya 1890 kwa kiko chenye kisima cha kukusanya unyevu ndani ya digali, na viko vya mtindo huo vingi huwa na pete ya chuma na mbao nene, kwa hiyo ni vizito kuliko vinavyoonekana.

Shika kiko kwa mkono kwa uvutaji mzima mmoja. Mlio ukitoweka, mzigo ndio chanzo. Ukibaki, tumbaku yako ina unyevu mwingi. Ianike dakika ishirini kabla ya kuishindilia.

Dalili: kiko kilichokuwa chepesi kimekuwa kizito

Dalili hii mara nyingi huambiwa kuwa ni hisia tu, lakini mizani huithibitisha. Mbao hunyonya unyevu wa moshi, na kiko kilichovutwa mara tatu mfululizo bila kupumzishwa nimekikuta kimeongezeka gramu mbili, zikiwa zimejikusanya kwenye bori na digali, mbali na meno. Tatizo hili huwapata hasa wale waliopata kiko chepesi wanachokipenda, kwa kuwa hicho ndicho wanachokikamata asubuhi, mchana na jioni. Kipe angalau siku nzima ya kupumzika, kijiti cha kusafishia kikiwa ndani, kisha kipime tena. Uzito usiporudi, kwangua masizi yaliyoganda ndani ya bori hadi yabaki na unene wa milimita moja au moja na nusu. Masizi yenyewe si mazito sana, lakini huhifadhi unyevu, na yakiwa mengi hutanuka kwa joto kuliko mbao na kulipasua bori.

Dalili: kiko hakina kosa lolote, lakini hakitoki rafuni

Hii ndiyo dalili iliyonifanya nianze kupima. Nilikuwa na kiko kizuri cha gramu 68, kilichochongwa kwa ustadi, ambacho nilikivuta mara mbili kwa mwaka. Mzigo wake ni 520. Nilikuwa nakipima kwa kazi isiyo yake, kwa sababu mimi huvuta nikiwa nasoma na kuandika, na kiko kinachodai mkono mmoja hunikatisha. Nilipoanza kukipeleka barazani jioni, baada ya kazi, nikiwa sina kitabu, kikawa kiko ninachokitumaini kuliko vyote. Mkononi uzito huo ni raha: bori hujaza kiganja, halipoi haraka, na mtu hapati haja ya kulibana ili asiliangushe, kama inavyotokea kwa gunzi la gramu 28.

Kwa hiyo panga viko vyako kwa mzigo, uandike namba ya kila kimoja kwenye karatasi na uibandike chini ya nafasi yake rafuni. Vile vyenye mzigo mdogo viwe vya saa za kazi na safari, na vile vyenye mzigo mkubwa viwe vya saa za kukaa. Kama baada ya miezi miwili bado kuna kimoja kisichoguswa hata barazani, mpe mtu ambaye siku zote hushika kiko chake mkononi.

Unaponunua kwa mbali, muuzaji atakutajia uzito na urefu wote. Mwombe vipimo viwili zaidi: umbali wa mlalo kutoka mwisho wa shilamu hadi katikati ya bori kiko kikiwa kimesimama kama kinavyovutwa, na unene wa shilamu pale meno yanapouma. Zidisha uzito kwa theluthi mbili ya umbali huo ikiwa kiko kimenyooka, au kwa sehemu nne kati ya tano za umbali huo ikiwa kimepinda sana, na utapata makadirio ya karibu ya mzigo ambao meno yako yatabeba kabla hujatuma fedha.